Viatu vya Karamu ya Waandishi

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna ada moja tuliyoizoea mpaka hatuioni tena, nayo ni kwamba viatu vyetu huishia mlangoni. Ukiingia nyumba ya mtu, ukiingia msikitini, ukienda matangani, hata ukimpeleka mtoto chuoni kwa mwalimu wake, utavua kizingitini na utaingia na miguu aliyokupa Mola. Kiatu cha tajiri na cha mchukuzi hulala pale ubavu kwa ubavu, na khasa siku ya Ijumaa hutokea vikabadilishana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nimewahi kurudi nyumbani na ndara ya buluu mguu wa kulia na ya kijani mguu wa kushoto, na mwenzangu naye akarudi kwake hivyo hivyo. Ijumaa ya pili tukatafutana, tukacheka, kila mmoja akachukua haki yake.

Nimeyatanguliza haya ili ufahamu, utakaponisikia nikieleza khabari ya kiatu, kwamba sikukulia katika kuvitazama viatu vya watu.

Mwaka jana nililetewa kadi. Ilikuwa kadi nzito, nzuri, imepigwa chapa kwa wino wa rangi ya dhahabu, ikitualika sisi waandishi na watungaji kwenye karamu ya usiku ya kuvienzi vitabu vya Kiswahili, katika hoteli moja ya Mombasa ambayo sina haja ya kuitaja. Kadi yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Hilo nalipita, maana nikisimama kila nilipoudhika hatutafika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo miwani yangu haikuziweza na ikabidi mtoto wa ndugu yangu anisomee, palikuwa na sharti la mavazi: suti, tai, na viatu vya kufunika mguu. Ndara na makubadhi haziruhusiwi.

Suti ninayo, tangu siku zangu za ualimu. Lakini viatu vya kufunga kwa kamba sikuwa navyo tangu nilipostaafu, na kijana aliponiona nimenyamaza alikwenda chumbani kwake akarudi na kisanduku. "Ami," akasema, "vaa vyangu vya harusi. Nimevivaa siku moja tu." Vilikuwa vya ngozi nyeusi, ving'aavyo kama macho ya paka gizani. Vyake ni nambari 41. Mguu wangu ni 42. Kijana ameniletea kwa mapenzi yake, amevipangusa kwa kanzu yake mwenyewe, na mkewe amesimama mlangoni anatabasamu, wewe ungemwambiaje?

Huenda ukadhani kwamba nambari moja si kitu. Nami nilivutiwa nikatafuta khabari yake. Kwa hesabu ya viatu vya Ulaya, kutoka nambari moja hadi ya pili ni theluthi mbili za sentimita, yaani haifiki milimita saba. Ni upana wa kalamu ya risasi. Lakini mguu wa binadamu una mifupa 26, na ukiubana mbele kwa upana wa kalamu, kila mfupa utakuja na mashitaka yake. Isitoshe, mguu wa asubuhi si mguu wa usiku. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa na kuipandisha damu juu. Anaposimama tu mahali pamoja misuli ile hulala, maji ya mwilini huteremka, na mguu hufura. Ndiyo maana waganga wakatushauri tununue viatu alasiri, wala si asubuhi. Na karamu ile, ndugu yangu, ilikuwa ni ya kusimama.

Sisi tumezoea kwamba ukimwita mtu kwako, jambo la kwanza utamwambia akae. Kule ukumbini viti vilikuwa kumi au kumi na mbili, vimepangwa mbele kwa ajili ya wakubwa, na sisi wengine kiasi cha watu mia tulisimama na gilasi mkononi kuanzia saa moja ya usiku. Wengine gilasi zao zilikuwa za maji ya matunda na wengine za vyengine. Nilifika kwa furaha, siwezi kusema uwongo. Kulikuwa na watu ambao vitabu vyao nimevisomesha miaka mingi, na nilikuwa na maswali yangu mfukoni. Lakini baada ya nusu saa sikuwa na swali lolote illa moja, nalo ni ukuta uko wapi nipate kuegemea. Bwana mmoja mwandishi wa riwaya akanieleza kwa urefu mkutano aliokwenda Ujerumani, na mimi nikimwitikia kwa kichwa huku nikihamisha uzito kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, kama mtoto aliyeshikwa na haja darasani. Nilitazama chini nikaona si mimi peke yangu. Mabibi waliokuja na visigino virefu walikuwa wakivua kimoja kimoja kwa siri chini ya magauni yao, na hao taabu yao ni kubwa kuliko yangu, maana kisigino kirefu huusukuma uzito wote wa mwili mbele juu ya vidole. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukumbi mzima ulikuwa na watu wa maneno, na maneno yaliyosemwa yalikuwa mafupi mafupi, kwani kila mmoja alikuwa akiisikiliza miguu yake.

Ilipoingia Isha niliuliza pa kusalia. Mtumishi mmoja akanionyesha mlango wa nyuma, nikapita jikoni, nikatokea uani wanapowangojea madereva mabwana zao. Pembeni palikuwa na chumba kidogo, mkeka, na bomba la maji. Nilipovua viatu ili nitawadhe niliona soksi ya kushoto imeingia damu kisiginoni. Maji yalipoupata mguu nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti, na dereva mmoja akacheka.

Jamaa ilikuwa imeshakimiwa. Aliyesalisha alikuwa mzee wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, na kisomo chake kilikuwa cha utulivu hata nikasahau nimetoka wapi. Alipotoa salamu na kugeuka nikamtambua, nikaenda kumbusu mkono. Ni malenga wa Lamu, mtu aliyepindukia miaka themanini, ambaye tenzi zake nyingi zimo katika madaftari ya shule yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na jina lake namhifadhia kwa sababu ndivyo apendavyo.

"Masalkheri, mzee wangu," nikamwambia. "Nimekutafuta ndani sikukuona. Jina lako limo katika ratiba, shairi lako litasomwa."

"Nilikuja, mwalimu. Mimi niliruhusiwa. Ni makubadhi yangu yaliyokatazwa," akasema, akanionyesha kwa kidevu pale kizingitini, makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi, mapya kabisa. "Nikaona si uungwana kuyaacha peke yake katika mji wa watu."

Madereva wakaangua kicheko. Naye alicheka. Mimi sikuweza. Mzee huyu aliamka alfajiri, akavuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi, akakaa juu ya kiti cha basi kutwa nzima, na makubadhi yale aliyashonesha kwa ajili ya usiku ule. Kijana wa mlangoni hakumtukana. Alimwambia kwa adabu kwamba yeye ametumwa tu, na nadhani alisema kweli. Akamtafutia hata kikombe cha chai.

Nikataka kurudi ndani nikaseme na mtu. Nikatia mguu wa kulia, ukaingia kwa shida. Wa kushoto ulikuwa umefura, ukakataa. Nikasimama na kiatu kimoja, na mzee akanitazama kwa jicho la mwalimu anayengoja jibu, kwani wote wawili twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kutembea na kiatu kimoja, ama avae vyote viwili, ama avue vyote. Nikavua vyote. Nikakaa mkekani.

Tukawa tunazungumza, na hapo ndipo usiku wangu wa waandishi ulipoanza. Nilimwuliza kuhusu kina fulani cha kati kilichonishinda, akanionyesha njia tatu, na moja katika hizo sikuwahi kuifikiri. Dereva mmoja wa Mtongwe akawa na beti zake mwenyewe, akazitoa kwa haya, na mzee akamsahihisha neno moja tu akamsifu mengine. Kahawa ikaja. Punde vipaza sauti vya ukumbini vikalitaja jina la mzee, na mtu mwenye sauti nzito nzuri akaanza kulisoma shairi lake.

Mzee akainua mkono tunyamaze. Akawa anahesabu kwa vidole juu ya goti. Ukifahamu utungaji, ndugu msomaji, wajua kwamba kipande cha shairi la kawaida kina mizani nane, wala hakizidi wala hakipungui. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Katika ubeti wa pili kidole chake kikasimama hewani.

"Saba," akasema. "Nimeandika 'mtima'. Yeye asoma 'moyo'."

Msomaji yule pengine alidhani neno la kale halitafahamika, akamfanyia mzee hisani. Lakini m-ti-ma ni mizani tatu na mo-yo ni mbili. Kwa neno moja kipande kimekuwa kiguru. Ikatokea tena katika ubeti wa nne. Ndani wakapiga makofi. Mwenye shairi alikuwa hatua sitini kutoka hapo, na lau angekuwa amekaa mbele yao hapana mtu ambaye angethubutu kulichezea neno lake. Angenyanyua kidole tu.

Hili ndilo lililoniuma kuliko kisigino. Twaweza kusema kwamba kila mkaribishaji ana haki ya kuweka sharti katika karamu yake, na ni kweli. Lakini tazama mji wa Stockholm, ambako kila mwaka tarehe 10 Disemba hufanywa karamu ya zawadi ya Nobel, na wageni wake hukaribia 1,300. Sharti la mavazi pale ni kali kuliko hili letu, koti la mkia na tai nyeupe. Hata hivyo mtu akija na vazi la heshima la kwao hupokewa, na hapana amuulizaye. Naguib Mahfouz wa Misri, alipopata zawadi ile mwaka 1988, hakusafiri kabisa. Aliwatuma binti zake wawili, na zawadi haikupungua. Na mwana wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, alipoipata mwaka 2021, korona ilizuia karamu ikawa akabidhiwa medali yake huko huko Uingereza anakoishi. Basi ikiwa Stockholm yaweza kulipokea joho la mtu, yawaje Mombasa, mji wa Muyaka, uyakatae makubadhi?

Na katika nchi yetu wenyewe tuna mfano mkubwa zaidi. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hata 1972, na mashairi yake aliyaandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni. Yalitoka kitabu mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kikapewa zawadi ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hakuna aliyeuliza mashairi yale yaliandikwa yakiwa yamevaa nini.

Wiki ya pili niliandika barua kwa waandalizi, kwa Kiswahili, na sikuandika kwa ukali. Walinijibu upesi na kwa adabu kwamba wamesikitika sana, na kwamba sharti lile lilikuwa la hoteli. Nikaandika hotelini. Hoteli nayo ikanijibu kwamba wao hawana sharti kama hilo, mgeni wa shughuli hufuata kadi ya mwenye shughuli. Barua zote mbili ninazo. Mzee nilimpelekea nakala, akaniletea jibu la beti mbili ambazo hataki zichapwe, na akaniomba nimtafutie yule msomaji wa sauti nzuri, apate kumfundisha kusoma. Nimempata. Ni mtu mwema, na amekubali kwenda Lamu skuli zikifungwa.

Kidonda changu kilichukua siku kumi na moja. Viatu nilivipangusa, nikavitia karatasi ndani visilegee, nikamrudishia kijana katika kisanduku chake. Hakuvipokea upesi. Alivigeuza geuza, akabonyeza kidoleni, akaniuliza kama vilinibana. Nikamwambia kidogo.

"Hata mimi, Ami," akasema. "Siku ya harusi sikuweza kusimama. Nikadhani ndivyo mtu anavyotakiwa ajisikie."