Bandari Iliyonipoteza

Usiku mmoja wa mwaka 2009 niliketi mbele ya kiwambo cheusi katika ofisi ndogo huko Upper Hill, ndani ya nyumba kuukuu ya mawe, mojawapo ya zile zilizokuwa makazi ya watu kabla ya maghorofa kukitwaa kilima hicho. Nje, ambulensi zilipita zikielekea Hospitali ya Kenyatta. Ndani, zilibaki siku nne niwasilishe tasnifu yangu ya uzamili.

Data yangu ilikuwa video za watambaji hadithi. Ilinilazimu kuiona mikono yao, kwani fanani hatambi kwa ulimi peke yake. Lakini kitengo cha michoro kilichoundwa pamoja na ubao mama wa tarakilishi kilinipa picha za kukwamakwama, mkono ukiruka kutoka pajani hadi shavuni bila kupita njiani. Bibi niliyemtegemea zaidi alikuwa amekwisha kufariki. Nisingeweza kurudi kumwomba atambe upya. Nikajinyima, nikanunua kadi ya michoro mjini.

Nikaichomeka. Giza. Nikaichomoa, picha ikarudi. Nikaichomeka tena, giza tororo. Nikahitimisha kuwa nimeuziwa kadi mbovu, nikaanza kutunga moyoni maneno ya kumpelekea muuzaji (nayo, msomaji, hayakuwa ya fasihi). Hata hivyo, nilimpigia kwanza mjomba wangu, fundi wa televisheni kule Mombasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Waya wa kiwambo umeutia wapi?"

"Katika bandari yake."

Kimya. Kisha kicheko. "Bandari ni Kilindini, mwanangu. Mimi nakuuliza tundu. Yako mangapi?"

Naungama kwamba istilahi hiyo nilikuwa nimeitetea darasani kwa ari kubwa. Sikuwahi kuinama nyuma ya mashine kuihakiki. Usiku huo niliinama, nikamulika kwa tochi. Matundu ya kiwambo yalikuwa mawili: moja lilisimama wima juu, baina ya matundu mengine ya ubao mama, la pili lililala chini kidogo, kwenye ukingo wa kadi. Waya wangu ulikuwa ungali katika lile la juu.

"Basi picha ipo," akasema mjomba. "Wewe umesimama mlango wa mbele, mgeni katokea uani."

Alinieleza kuwa mashine nyingi zikitambua kadi mpya hukizima kile kitengo cha zamani. Nikauhamisha waya, picha ikaja, herufi kubwa kama za bango. Nikaweka programu ya kuiendesha kadi. Nilipowasha upya, giza likarejea! Programu ya kitengo cha zamani ilikuwa haijaondoka. Ikabidi nibonyeze F8 wakati wa kuwasha, niingie kwa hali salama na kuing'oa. Kisha nikafungua mipangilio ya awali, ile inayotangulia Windows kuamka, nikaagiza kadi itangulie daima.

Ilipata saa nane za usiku nilipomrejelea bibi. Mkono uliondoka pajani taratibu. Alipofika mahali ambapo mimi nilikuwa nimeandika "akanyamaza", kiganja chake kilikuwa kikifunga mlango usioonekana, kikirudisha na komeo.

Nikalifuta neno "akanyamaza".