Nani Atakishika Kwanza

Nilipoanza kazi ya afya bandarini Tanga, mionzi kwetu ilikuwa cheti tu. Kinu cha Chernobyl kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, na baada ya hapo maziwa ya unga kutoka Ulaya, yaliyoshushwa kwa matishari kama mzigo mwingine wowote, yakawa hayaaminiki mpaka yapimwe. Sheria ya kujikinga na mionzi ilikuwapo tangu 1983 na wapimaji walikuwa Arusha. Sampuli inakwenda, majibu yanarudi, muhuri unagongwa. Wenye mizigo walilalamikia siku za kusubiri. Kuhusu atomu sikumsikia aliyelalamika. Dharura zetu zilikuwa kipindupindu na mafuriko.

Miaka ikapita, nikajikuta mwandishi wa vikao vya maafa, na siku moja tukatakiwa kuandaa zoezi la mezani la ajali ya mionzi. Karatasi za mfano zilitoka nje, na kisa chake kilikuwa kinu kinachovuja. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini tulikifuata kisa kile hivyo hivyo. Kata inaarifu wilaya, wilaya mkoa, mkoa Ofisi ya Waziri Mkuu, huku simu nyingine ikipigwa Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 kuchukua nafasi ya tume ya awali. Kila mmoja alisimama akasoma sehemu yake kama ngonjera za sikukuu. Tulipendeza.

Kisha dereva mmoja wa zimamoto, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, akanyoosha mkono. "Bwana Afya, samahani. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Hakuna moshi, hakuna harufu. Nitajuaje?" Mwenyekiti akasema swali zuri, chai ikaletwa.

Swali lile ndilo lililonipeleka kusoma habari za Goiânia, mji wa Brazil ambao haukuwa na kinu chochote. Septemba 1987 vijana wawili waliokota mashine ya kutibu saratani iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa, wakaibomoa, wakauza vipande kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 uliong'aa buluu gizani. Ndugu na majirani wakagawana. Wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na watu zaidi ya 112,000 walipimwa uwanjani. Niliposoma hayo nilikiona kisa chetu. Tanga ulikuwa mji wa viwanda. Vingi vilikufa, chuma kikabaki, na mikokoteni ya skrepa haijawahi kukosa kazi kutoka Ngamiani hadi Pongwe. Wakaguzi wa maungio ya mabomba nao hutumia kidonge cha iridiamu-192 chenye urefu wa milimita chache tu. Kikidondoka, mtoto atakitia mfukoni.

Hapo ndipo namna yetu ya kupanga ilipogeuka. Badala ya kuanza na nani amwarifu nani, tulianza na nani atakishika kwanza. Jibu halikuwa mkuu wa wilaya. Lilikuwa mwokota skrepa, mnunuzi wake, askari wa zamu, muuguzi wa hospitali ya Bombo. Mnunuzi mmoja alipoalikwa kikaoni, baadhi ya wakubwa walinuna. Tulimwonyesha alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, akasema ni feni. Wala hakuwa peke yake: wataalamu wa kimataifa walijaribu alama mpya kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo, na mwaka 2007 wakatoa pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Ile, mnunuzi wetu hakuhitaji kuelezwa.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki unasema chanzo cha mionzi kikiwa wazi, watu wasogezwe mita 30. Kukiwa na moto au moshi, mita 300. Ni rahisi kuandika. Mita 30 mtaani Ngamiani ni nyumba za watu, genge la mihogo na pengine msikiti wenye jamaa ndani. Mwongozo huo huo unasema majeruhi aokolewe bila kungoja vipimo, na jambo hili lilitugharimu mabishano mengi kuliko mengine yote, maana wauguzi waliogopa mgonjwa mwenyewe. Ilibidi mtu ajilaze kitandani, avuliwe nguo za juu, afungwe blanketi, ndipo wakaona kwamba glavu, barakoa na nguo ile iliyovuliwa ndizo sehemu kubwa ya kinga yao.

Baada ya Agosti 2019, lori la mafuta lilipowaka Morogoro na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekimbilia kuchota, sikukubali tena zoezi lisilo na umati. Tuliwapa vijana kazi ya kusukumana na kupiga picha kwa simu. Waliifanya vizuri mno.

Upepo ulikuja mwisho. Kenya ilipopanga kujenga kinu Uyombo, Kilifi, na wanakijiji wakaandamana mwaka 2024, huku kwetu watu walianza kuuliza kaskazi itatuletea nini. Tukamwita nahodha mmoja mstaafu. Akatuonyesha kwamba mishale kwenye ramani yetu ilikuwa ya kusi, ilhali zoezi tulilipanga Januari. Baadaye Kenya ikaelekeza macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na wenzangu wakataka ukurasa wa upepo uondolewe. Nilikataa. Ghala likiungua bandarini na chanzo kimo ndani, kaskazi itausukuma moshi upande mmoja na kusi upande mwingine, na zimamoto lazima wajue gari lisimame wapi.