Nyumba ya Mtambaji: Kutoka Rudshøgda hadi Jilore

Huko Rudshøgda, nchini Norwei, pamejengwa kituo cha utamaduni na makumbusho ya kumuenzi Alf Prøysen (1914–1970), mtunzi wa hadithi na nyimbo. Mzawa huyu wa kibanda cha mkulima asiyemiliki ardhi alitunga kwa lahaja ya kwao, na watoto waliizoea sauti yake redioni. Kinachoenziwa hapo, basi, si kitabu pekee, bali pia ulimi wa watu wa chini.

Prøysen alizaliwa Julai 1914. Agosti ya mwaka huohuo, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa kuihama ardhi ya kaskazini ya Mto Sabaki. Jilore, iliyo kandokando ya mto huo, ilikuwa jirani na msiba. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha watu kwa usemi na kwa ngoma ya kifudu, amesimamishiwa sanamu mjini Malindi. Lakini sanamu haisemi. Mengi ya maneno yake yaliyoandikwa yamo katika majalada ya utawala uliomkamata.

Huko Rabai, katika Kilifi hiyohiyo, yapo makumbusho ya Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882. Heshima hiyo anaistahili. Hata hivyo, maneno ya kamusi hiyo yalitoka vinywani mwa watu, na wengi wao hawatajwi popote.

Yamkini msomaji atauliza: je, ngano haifi ikifungiwa nyumbani, ilhali fanani huibadili kila usiku kwa kuitazama hadhira yake? Hoja hii ina uzito, nayo yaonyesha ni nyumba ya namna gani inayofaa. Jilore haihitaji kabati la vioo. Inahitaji chumba chenye mikeka na kinasa sauti, ambamo bibi atatamba kwa Kigiriama leo, na kesho atambe tena vingine. Jina lake litajwe mwanzoni mwa kila rekodi, na mjukuu apate kumsikiliza, kumwigiza, hata kumkosoa.

Bibi huyo akifariki kabla ya chumba hicho kupatikana, huenda ngano zake zikasimuliwa bado. Zitakuwa, hata hivyo, hazina mwenyewe, mfano wa yale maneno ya kamusi.