Mwalimu Akiondoka

Nilistaafu ualimu mwaka 2022, baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Waliostaafu kabla yangu walinionya kuhusu kiinua mgongo na kuhusu shinikizo la damu. Hakuna aliyenionya kuhusu saa kumi ya jioni. Ndiyo saa niliyozoea kuketi mbele ya rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Rundo lilipokoma, nikaanza kutoka nyumbani saa hiyo na kwenda kuketi kwenye baraza moja la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, penye mabenchi mawili, bao la kete, na dele lisiloondoka juu ya makaa.

Wapenzi wa lugha watanisamehe nikiwaleta kwenye habari za mpira. Barazani petu husemwa mengi, lakini mpira ndio unaosemwa kwa hoja. Coastal Union, mabingwa wa Bara wa mwaka 1988, tunaipenda kama mtu anavyoupenda mji wake. Mabishano ya kweli, hata hivyo, huwa ya Simba na Yanga. Mimi ni Yanga tangu utotoni. Watani zangu wa Msimbazi najua watasoma hadi mwisho, angalau wapate la kunicheka.

Ninalotaka kulisimulia lilianza katikati ya mwaka 2023. Tarehe 3 Juni Yanga ilishinda 1-0 ugenini kule Algiers dhidi ya USM Alger, lakini ikalikosa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kwa kuwa ilikwisha kufungwa 2-1 Dar es Salaam. Kabla machozi hayajakauka, Nasreddine Nabi aliyekuwa akiifundisha timu hiyo akaaga, na nafasi yake akapewa Miguel Gamondi, Mwargentina aliyewahi kufundisha klabu kadhaa za Afrika. Kisha Fiston Mayele, mshambuliaji kutoka Kongo aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano yale, akahamia Pyramids ya Misri.

Mayele alikuwa ameiachia lugha yetu zawadi. Kila alipofunga alicheza kwa kuutikisa mwili, na nchi nzima ikakiita kitendo hicho kutetema. Kitenzi hicho si kipya. Kimo katika kamusi za zamani. Ila sisi tulikwisha kuzoea kutetemeka, nacho kutetema tukakiacha kilale. Kutetemeka humpata mtu, kwa baridi au kwa hofu. Kutetema hufanya mtu mwenyewe kwa hiari yake. Mgeni alikuja akakiamsha kitenzi chetu, watoto wakakicheza mitaani, halafu akaenda zake.

Basi jioni zote za Juni na Julai baraza likawa na maswali mawili: mwalimu mpya ataweza, na nani atafunga mabao? Nasema mwalimu kwa sababu ndivyo wasemavyo. Neno kocha lipo, lakini shabiki wa Tanzania anapozungumza kwa heshima husema mwalimu. Nami, ambaye barazani hapo sina jina jingine ila hilo, nilikuwa nikigutuka kila mara.

"Mwalimu kaondoka, na bora kaondoka," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Alikuwa na bahati ya wachezaji tu."

"Acha hizo," akajibu fundi baiskeli, mzee aliyenizidi miaka michache. "Wachezaji wale aliwakuta hawajui hata kupanga ukuta. Nani aliwafundisha?"

"Huyu mpya ana mbinu zaidi."

"Huyu mpya hujamwona hata mazoezini!"

Nilinyamaza, nikanywa kahawa yangu. Walikuwa wakimzungumza Nabi, lakini nilijihisi kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akisikiliza anavyozungumzwa yeye. Hapa sina budi kukiri jambo ambalo sijapata kumweleza mtu.

Darasa langu la kidato cha nne lilichukuliwa na mwalimu wa kike, kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Katika muhula wake wa kwanza alinipigia simu. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kisha akaniomba daftari zangu za mifano: zile nilizokusanyia methali, sentensi za sarufi na beti za mazoezi miaka yote ile. Nilimwambia nitazitafuta. Sikuwa na haja ya kuzitafuta, msomaji wangu. Zilikuwa juu ya rafu, mkabala na kiti nilichokalia wakati nikizungumza naye. Na matokeo ya mtihani yalipotoka, nilimpigia simu mwenzangu mmoja wa zamani nikamuuliza darasa lile limefanyaje. Nilisema nauliza kwa mapenzi ya shule. Haikuwa kweli. Nilitaka kusikia kwamba limeshuka.

Baadaye mtoto wa jirani, anayesoma shule hiyo, aliniambia kuwa mwalimu wao anafundisha sentensi za masharti kwa kumtumia Mayele. Nilicheka kwa dharau. Nikasema lugha ya vijiweni imeingia darasani, na kwamba enzi zetu tulifundisha kwa mifano safi.

Mwezi Agosti mpira wenyewe ukaja Tanga. Ngao ya Jamii ilichezwa kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani, na fainali ya Jumapili tarehe 13 ikawakutanisha watani wa jadi. Dakika tisini ziliisha 0-0. Simba wakashinda kwa penalti, 3-1, mlinda mlango wao akiwa amepangua tatu. Jumatatu jioni baraza lilikuwa limejaa, na muuza kahawa aliongeza maji kwenye dele mara mbili.

"Mayele angekuwepo," alisema yule kijana wa bodaboda, macho yakiwa chini, "jana tungefunga."

Fundi baiskeli aliiweka kete yake kwenye shimo taratibu. "Angalikuwepo, mwanangu," alisema. "Sema angalikuwepo. Huyo yuko Misri."

Watu walicheka, kijana naye akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nimefundisha -nge- na -ngali- kwa miaka mingi kuliko umri wa kijana yule. Chuoni tulipewa kanuni tukaikariri: -nge- ni ya jambo ambalo huenda likawezekana bado, -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umepita, na kiambishi kinachoanza upande wa kwanza wa sentensi ndicho kimalizie upande wa pili. Vijana wengi siku hizi hutumia -nge- kwa yote, na -ngali- wamewaachia wazee na vitabu. Niliwakata alama kwa kosa hilo bila kujiuliza hata mara moja kwa nini wanalifanya. Pale barazani nikaona sababu mojawapo. Kijana yule alikuwa bado hajakubali. Aliposema angekuwepo, mlango ulikuwa wazi kidogo; labda dili litavunjika, labda mtu atarudi kwa mkopo. Mzee hakumsahihisha sarufi tu. Aliufunga mlango ule kwa upole.

Nikakumbuka jinsi lugha ya baraza ilivyokuwa ikibadilika tangu Juni. Uvumi ulipoanza, watu walisema, "Mayele akibaki, tutafika mbali." Habari za Misri zilipozidi, wakasema, "Angebaki, tungefika mbali." Na sasa: "Angalibaki, tungalifika." Silabi ile ya katikati ilibadilika mara mbili, nayo matumaini yakapungua hatua kwa hatua mpaka yakaisha. Hakuna aliyewapangia. Huzuni yenyewe ndiyo iliyowafundisha.

Lakini kijana wa bodaboda hakuishia hapo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, mzee, angalikuwepo. Lakini huyu mwalimu mpya akipewa muda?"

Baraza likafufuka. Wakaanza kuwapima waliopo. Mmoja akamtaja Hafiz Konkoni, Mghana aliyetoka kusajiliwa; mwingine akamtetea Kennedy Musonda, Mzambia, akisema hapewi pasi za kutosha. Muuza kahawa, ambaye ni Simba na hana kura katika mambo hayo, alisema kama ni yeye angempanga Clement Mzize, mtoto aliyekulia timu ya vijana ya klabu, kwa sababu damu changa haiogopi. Wakamfukuza kwa mzaha, kisha wakaijadili hoja yake kwa nusu saa. Fundi baiskeli ndiye aliyesema neno lililobaki nami: "Mnatafuta Mayele mwingine, hamtampata. Tafuteni mabao."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Mimi, mwenye shahada ya kiambishi hicho, nilikuwa nimeishi ndani ya -ngali- tangu nistaafu. Ningalikuwepo mimi, wasingalifanya makosa yale. Ningalikuwepo mimi, insha zao zingalikuwa na mwisho. Na kwa kuwa sikuwepo, nilitaka dunia ithibitishe kwamba sentensi yangu ni kweli, hata kwa gharama ya watoto wa watu kufeli mtihani. Shabiki wa Yanga analia jioni moja, kesho yake anamtafuta mfungaji. Mimi nilikuwa nimezificha daftari.

Kesho yake nikazifunga kwenye kanga kuukuu na kwenda nazo shuleni. Mwalimu yule alizipokea kwa mikono miwili, hakuniuliza nilizipata wapi. Kengele ilipolia akaniomba niketi nyuma ya darasa. Nilikaa kwenye dawati, magoti yakigusa ubao wa chini, nikamtazama akiandika sentensi zake tatu: akibaki, angebaki, angalibaki. Aliwauliza wanafunzi kila moja ilisemwa siku gani. Mikono ikapanda darasa zima. Mvulana mmoja alisema, "Ya tatu ni ya juzi, mwalimu, baada ya Mkwakwani," na wenzake wakaguna kwa uchungu.

Mifano yangu safi nilikuwa naijua kwa moyo. "Ningekuwa na mabawa, ningeruka." "Ningekuwa tajiri, ningejenga ghorofa." Ni sentensi sahihi zote. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuyalilia mabawa. Niliwafundisha lugha ya majuto kwa mambo ambayo hakuna aliyeyajutia, kisha nikashangaa kwa nini hawaikumbuki.

Kwenye jalada la ndani la daftari la kwanza nilikuwa nimeandika ubeti usiku ule, nao niuweke hapa mbele ya washairi, waukosoe watakavyo:

Mwalimu akiondoka, ubao hauondoki,
Na chaki ikivunjika, herufi hazifutiki,
Mwingine akiitika, mpokeeni kwa haki,
Kwa ngali hatutafika, safari inataka ki.

Yaliyofuata uwanjani wengi mnayajua. Tarehe 5 Novemba mwaka huo Yanga iliifunga Simba 5-1, na Musonda ndiye aliyefungua mlango dakika za mwanzo. Msimu uliisha kwa ubingwa, wa tatu mfululizo. Mfungaji bora wa ligi alitoka Yanga, kwa mabao 21. Wala hakuwa mmoja wa washambuliaji tuliowapima barazani, bali Stephane Aziz Ki, kiungo. Miezi yote tuliuliza nani atakuwa Mayele, na jibu likatoka mahali ambapo swali halikuelekezwa.

Sitasema kwamba -ngali- ilikufa. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mwaka 2024, Yanga ilicheza mara mbili na Mamelodi Sundowns bila kufungana, ikatolewa kwa penalti. Jioni ile kila mtu barazani alisema angalikuwepo, hata kijana wa bodaboda, na alikisema kiambishi sawasawa. Hawakukosea. Aliyeondoka kweli huacha pengo, na lugha yetu imelitengea pengo hilo silabi zake. Kosa ni kuhamia humo na kufunga dirisha.

Novemba 2024 ikawa zamu ya Gamondi mwenyewe. Baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo za ligi, klabu ikaachana naye. Nilipofika barazani nilikuta wameanza. "Mwalimu kaondoka!" alinipokea kijana. Sikugutuka safari hii. Nikaketi, nikaomba kahawa, nikamsikia fundi baiskeli akisema, "Haya, huyo mpya akija..."

Matokeo ya darasa lile yalipotoka nilipiga simu, na safari hii nilimpigia mwalimu wao mwenyewe. Kwanza nilimwuliza yeye habari zake.

Ningependa kujifunza kutoka kwenu, wasomaji wa Lamu, Mombasa, Unguja na Bukavu: kwenu -ngali- bado inasemwa barazani, au imebaki vitabuni? Na kama inasemwa, husemwa kwa ajili ya nani?