Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Muhula uliopita nilipewa kazi ambayo niliidhania kuwa rahisi kuliko kazi zote nilizopata kupewa hapa shuleni. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini mwake akaniambia kwamba mgeni wetu, mwalimu wa hisabati aliyetoka Japani, anataka kuonyeshwa mambo ya kale ya Tabora, na kwamba Jumamosi mimi na mwenzangu mmoja tutamwongoza, kwa kuwa sisi ni wazawa wa hapa. Nilifurahi mno. Nilizaliwa Tabora na kukulia Tabora, nikajiona ninajua kila jiwe la mji huu. Basi usiku ule sikufungua kitabu hata kimoja. Nilipiga pasi shati langu, nikalala.

Asubuhi tulianzia stesheni. Nilimweleza mgeni kwamba reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kisha tulilitazama Boma la Wajerumani kwa nje, nami nikamsimulia habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi wa Januari 1893, alipoona ngome yake imezidiwa, alilipua baruti yake kuliko kushikwa na adui akiwa hai. Nilimtajia pia Shule ya Tabora Boys, ambako Mwalimu Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1937, na mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika katika mji huu, ambao uamuzi wake tunauita Uamuzi wa Busara. Mgeni alikuwa na daftari dogo, na kila nilichosema alikiandika. Mpaka hapo nilijibu vizuri, maana hayo tulifundishwa darasani. Lakini sifa zilikwisha kunipanda kichwani.

Mchana tulikodi bajaji kwenda Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji. Njiani kuna miembe mikubwa yenye kivuli kizuri, na udongo ni mwekundu. Tulipofika mbele ya tembe la Livingstone, nilinyosha mkono kama mtu mwenye nyumba, nikasema, "Mwalimu, hapa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone." Mgeni akaandika. Mwenzangu alinitupia jicho lakini akanyamaza. Kusema kweli sikuwa na hakika. Niliona tu kwamba mahali pazuri kama hapa pastahili jambo kubwa.

Tukaingia. Tulimkuta mzee mwangalizi, tukamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni." Alituonyesha milango ya nakshi, ua wa ndani, na vyumba vyenye picha na ramani, akatueleza kwamba nyumba ya asili iliporomoka na hii ikajengwa upya kwa mfano wake. Kisha akasema, "Wale Wazungu wawili walikutana Ujiji mwaka 1871. Hapa walifika pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda Pwani, na Livingstone akakaa hapa mpaka Agosti akingojea wapagazi."

Jasho lilinitoka. Mgeni alifungua daftari lake, akapiga mstari ulionyooka juu ya maneno yangu, akaandika "Ujiji." Hakucheka, wala hakunitazama. Laiti angalicheka, ningaliona nafuu. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu siku ile haikuzidi hatua ishirini, tangu uani mpaka sebuleni.

Mzee aliendelea. Alitueleza jinsi Livingstone alivyofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na jinsi Chuma na Susi na wenzao walivyouchukua mwili wake kwa miguu, wakapita hapa hapa Kwihara, hata wakafika Bagamoyo Februari 1874, ndipo ukapelekwa London kuzikwa. Mgeni akanigeukia akauliza, "Na wapagazi wa njia hii walikuwa akina nani? Katika ukoo wako yumo aliyekuwa mpagazi?" Safari hii nilijibu neno moja tu: "Sijui."

Tulipotoka tulipumzika chini ya mwembe. Nilikusanya moyo nikasema, "Mwalimu, naomba radhi. Nilikudanganya. Sikujua, nikaona haya kunyamaza." Alinijibu taratibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba kosa limekwisha. Kisha akatusimulia habari za kwao. Iko njia ya kale iitwayo Nakasendo, iliyotoka Tokyo, wakati ule ikiitwa Edo, mpaka Kyoto, na ilikuwa na vituo 69 vya wasafiri kulala. Leo watalii wapenda milima na misitu hutembea kwa miguu kati ya vituo viwili, Magome na Tsumago, mwendo wa kilomita 8 hivi. Reli ilipopita kwingine, Tsumago ilidhoofika na vijana wakahama. Lakini wenyeji walianza kuzitengeneza nyumba zao za mbao, na mwaka 1971 wakapatana wasiziuze, wasizipangishe, wala wasizibomoe. Akasema, "Hata mimi, mtu alipoanza kuniuliza habari za njia ile, nilikuwa sizijui. Nilikwenda kumwuliza bibi yangu."

Maneno hayo hayakunitoka. Shule ilipofungwa nilikwenda kijijini kwa Bibi. Nilimkuta akianika matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa, nikamwuliza lile swali la mgeni. Bibi aliniangalia sana, akasema, "Mbona hukuniuliza siku zote? Babu yangu mimi alikwenda Pwani mara mbili, naye alikuwa mpagazi."

Alinieleza kwamba zamani kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika Pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Walibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi. Wakienda walichukua pembe za ndovu, wakirudi walichukua nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika safari hizo ndimo ulimozidi kukua utani wetu na Wazaramo, ambao hata leo huimba na kuchekesha kwenye misiba yetu. Matobolwa kama yale yale yaliyokuwa juani yalikuwa chakula cha njiani. Akamaliza hivi: "Begani alikuwa na sugu. Nilipokuwa mtoto nikiigusa nikidhani ni jiwe. Reli ilipofika, kazi yake ikaisha, lakini sugu haikutoka mpaka kufa kwake."

Usiku ule nilikumbuka jinsi nilivyomwonyesha mgeni stesheni kwa majivuno. Kumbe kitu cha kwanza nilichomwonyesha ndicho kilichoupumzisha mzigo wa babu yetu, nami nilikuwa sijui kwamba alikuwa na mzigo.

Wenzangu, Tabora ina vitu vingi vya kumwonyesha mgeni, na wazazi wetu wakija siku ya shule waombeni muende pamoja mpaka Kwihara. Lakini kabla ya kwenda, ulizeni kwanza nyumbani. Wazee wanaojua majina ya waliobeba mizigo wanazidi kupungua. Muhula huu nimewapeleka wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Nimewaambia Ujiji, wala si Kwihara, na nimewaambia habari za lile bega. Mmoja wao aliniuliza ni nani aliyeipanda miembe ya njiani. Nilimjibu kwamba sijui, tutamwuliza yule mzee wa tembe, na tukarudi ndani kumwuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu