Mfalme wa Nyanza na Kristo Mfalme



Jumapili ijayo tunaadhimisha Sherehe ya Yesu Kristo Mfalme wa Ulimwengu. Kila mwaka sherehe hii inaponijia, narudi kwa mawazo huko Rwanda, katika mji wa Nyanza, nilikokwenda kuitazama ikulu ya zamani ya wafalme ambayo sasa ni makumbusho. Mwongozaji wetu alipotamka neno “mwami” sikuhitaji mkalimani. Nanyi Waha wenzangu msingemhitaji.

Mgeni huonyeshwa kwanza nyumba kubwa ya msonge, iliyojengwa upya kwa mtindo wa kale na kuezekwa kwa nyasi. Nyuma yake vipo vibanda viwili: kimoja cha maziwa, alichokitunza msichana asiyeolewa, na kingine cha pombe. Ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu ajabu, huimbiwa na wachungaji wao nao hutulia kusikiliza. (Nimewahi kuwa na wanakwaya wasiotulia hivyo.)

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya kisasa, iliyojengwa mwaka 1932 kwa ajili ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Ndani ya nyumba hiyo nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu.

Rudahigwa alikalia kiti kilichokuwa cha baba yake, Yuhi V Musinga. Musinga alikataa ubatizo, na mwezi Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani. Askofu Léon Classe, wa shirika la Mapadre Weupe, aliunga mkono jambo hilo. Hao ni ndugu wa shirika lile lile lililotuletea Injili hapa Ujiji mwaka 1879, na kwa hiyo siwezi kuisimulia habari hii kana kwamba ni ya watu wa mbali. Musinga alipelekwa Kamembe, kisha mwaka 1940 akahamishiwa Moba, ng'ambo ya ziwa letu hili, upande wa kusini. Huko ndiko alikofia mwaka 1944. Maji tunayochota sisi ndiyo aliyoyatazama mzee yule uhamishoni.

Mwanawe alibatizwa tarehe 17 Oktoba 1943, akaitwa Charles Léon Pierre. Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Oktoba 1946, siku ya sikukuu ya Kristo Mfalme kwa kalenda ya wakati ule, aliiweka nchi yake yote wakfu kwa Kristo Mfalme. Siamini kwamba alifanya unafiki. Lakini alikuwa mfalme aliyeona baba yake akiondolewa, na raia wake kwa maelfu walikwisha kubatizwa wakifuata njia ya wakubwa. Ni nani kati yao aliyemchagua Kristo, na ni nani aliyechagua upande wenye nguvu? Bwana wetu, alipoulizwa na Pilato juu ya ufalme wake, hakutaja jeshi wala mipaka.

Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, bila mtoto. Mjane wake, Rosalie Gicanda, hakubaki ikuluni baada ya ufalme kuondolewa. Aliishi kwa utulivu Butare, mama mcha Mungu asiye na cheo chochote. Tarehe 20 Aprili 1994 askari walimchukua nyumbani kwake wakamwua. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, katika nchi yetu, ilimtia hatiani mwaka 2012 ofisa wa jeshi kwa mauaji hayo na mengine.

Wengi wa wauaji wa mwaka ule walikuwa wamebatizwa, katika nchi iliyowekwa wakfu miaka 48 kabla. Kaburi la mama huyo lipo Mwima, jirani na ikulu, karibu na la mumewe. Nilisali hapo Baba Yetu moja, na sikuweza kuongeza neno.

Alhamisi jioni, baada ya Rozari, tutakuwa na Misa ya kuwaombea wote waliouawa katika vita na machafuko ya Rwanda, Burundi na Kongo. Najua nyumba nyingi za parokia yetu zina wa kwao. Leteni majina ofisini kabla ya Jumatano mchana. Mimi nimekwisha kuandika yangu: Rosalie, Charles, na Musinga ambaye hakubatizwa.