Msiba Usio na Tanga



Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, mafundi wa magauni ya harusi hapa Kariakoo. Tuna chumba kimoja ghorofa ya pili, vyerehani vinne na wasichana wawili wanaotusaidia. Wateja wetu wengi ni nyinyi wa Unguja. Mnavuka kwa boti ya asubuhi, mnapita Mtaa wa Kongo kuchagua lesi na satini, mnatuletea kupimwa, kisha mnawahi boti ya jioni. Leo hatuandiki habari za mishono. Tunaandika jambo lililotupata tukiwa kazini, pini zikiwa mdomoni.

Alikuja bi harusi mmoja na mama yake kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Binti mcheshi, anasomea udaktari, amebakiza mwaka mmoja. Alisimama juu ya stuli, sisi tukapiga magoti, mmoja huku na mmoja kule, tukibana pindo kwa pini. Simu yake ikalia. Akamjibu mwenzake wa chuoni habari za mtihani, akakata, kisha akamgeukia mama yake kumwambia ukumbi umeshapatikana. Tukainua macho kwa wakati mmoja tukaonana. Sote wawili tulikuwa tunalia.

"Bi fundi, nimekukanyaga?" akauliza.

"Hapana mwanangu, ni vumbi la kitambaa."

Ulikuwa uongo, Allah atusamehe. Yule binti alikuwa ndani ya maisha mawili ambayo sisi tuliyakosa, moja moja, na yeye anayo yote kwa pamoja.

Mmoja wetu alimaliza kidato cha nne mwaka 2006. Akafaulu, akachaguliwa kidato cha tano masomo ya sayansi, shule ya bweni mkoani. Baba akanunua tranka la chuma, akaliandikisha jina la mwanawe kwa rangi nyeupe. Wiki mbili kabla ya safari, baba akapata kiharusi. Pesa ya ada, ya godoro na ya nauli ikaenda kwenye dawa. Mwaka ule haukuisha kabla mwenye tranka hajaanza kozi ya ushonaji, kwa kuwa ndiyo iliyolipika.

Mwingine alichumbiwa. Mahari ilishatajwa, nikaha ikapangwa baada ya Ramadhani. Satini ya gauni lake alinunua mwenyewe na kuikata mwenyewe. Kabla hajaunganisha vipande, posa ikavunjwa kwa ujumbe wa maneno machache. Sababu hatukuelezwa mpaka leo, na sasa ni miaka 11.

Yupi wa tranka na yupi wa satini, hatusemi. Tumelala chumba kimoja miaka yote hiyo, kila mmoja amesikia kilio cha mwenzake usiku akajifanya amelala.

Dada zetu, watu wa pwani tunajua kukaa msibani. Ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, wakafariki watu zaidi ya 20, kila mtu alijua la kufanya. Waliochimba wakachimba, waliosalia wakaswali jeneza, majirani wakatandika mikeka. Mfiwa hulishwa, huombewa dua, hulizwa na hunyamazishwa. Kisha matanga huanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Dini yetu imeuwekea msiba mpaka: siku tatu kwa ndugu na jamaa, na kwa mjane eda ya miezi minne na siku kumi.

Lakini maisha ambayo hukuyaishi hayana maiti. Hakuna wa kuyaosha wala wa kuyakafini. Hakuna jirani atakayekuletea uji kwa sababu hukwenda kidato cha tano. Na kwa kuwa tanga halikuwekwa, haliwezi kuanuliwa. Huzuni inakaa ndani mwaka baada ya mwaka, ikitafuta pa kutokea. Kwetu ilitokea kwa hasira. Matokeo ya mitihani yakitangazwa, tulikuwa tunazima redio. Mwaka 2022 serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita, tulisema alhamdulillah kwa ajili ya watoto wa wenzetu, kisha siku nzima tukawagombeza wasichana wetu kwa makosa ya uzi.

Kariakoo penyewe pana msiba wa namna hiyo. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na mizigo, wengi hawana kaburi linalojulikana. Kila tukipita na marobota kichwani mwa wachukuzi mbele yetu, tunawafikiria wanawake waliobaki majumbani wakiwangoja wale watu. Walianza kulia lini, na nani aliwaambia basi inatosha?

Jioni ya siku ile baada ya wateja kuondoka, mmoja wetu alisema, "Dada, huu ni msiba." Mwenzake akajibu, "Basi tukae."

Tukatandika mkeka kati ya vyerehani. Tulijiwekea siku tatu, baada ya Isha, saa moja tu. Hatukusoma khitma wala hatukuzua ibada. Tulizungumza tu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya. Wa tranka alieleza jinsi alivyoshalijua jina la kila somo. Wa satini alieleza jina alilokuwa amemchagulia mtoto wake wa kwanza. Hata sisi kwa sisi hatukuwa tunalijua hilo jina.

Tuliweka sharti moja: hakuna "lau". Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwa maana neno hilo humfungulia shetani kazi. Zamani tulidhani maana yake ni kutolia. Siyo. Yeye mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na walipomshangaa akasema machozi yale ni rehema. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, na bado ni mfano wetu wa subira njema. Kulia ni kusema, "Ee Mola, hili nilikuwa nalitaka, na limeniuma." Lau ni kumtafuta wa kumlaumu: baba aliyeugua, mchumba aliyeondoka, na mwisho, astaghfirullah, Mwenyewe aliyekadiria.

Usiku wa tatu tulimzungumza Bibi Maryam. Katika sura yenye jina lake, uchungu wa uzazi ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Bibi Maryam, mbora wa wanawake! Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, kisha akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende. Mwanamke mwenye uchungu, peke yake, akapewa maji, akapewa chakula, na akapewa kazi ndogo ya mkono.

Tukaanua tanga. Tukakunja mkeka, tukala tende, tukalala.

Hatutawadanganya kwamba tumepona. Hatukurudi shule na hatujaolewa. Bi harusi wengine bado tunawashonea kwa moyo mzito. Ila sasa uzito una jina, na ukija tunaambiana, "Leo limenijia la tranka." Mwenzako anakupokea pindo, wewe unakwenda kutia udhu. Wasichana wetu hatuwagombezi tena kwa msiba usio wao.

Nawe dada unayesoma, huenda lako ni mimba iliyotoka, ndoa iliyokufa, au kazi uliyoiacha ili uuguze mama. Hata bi harusi anayelia usiku wa hina pengine analia maisha anayoyaacha, msimnyamazishe haraka. Mtafute mtu mmoja mwenye siri. Jiwekeeni siku na mpaka wake. Litaje kwa jina, acha lau, kisha tafuta shina lako la kutikisa, hata liwe dogo.

Na wewe bi harusi, ukienda kujaribu gauni, muombee dua fundi aliyepiga magoti miguuni pako. Hujui naye anabana nini.

Vipande vya satini tumevikunja, tumeviweka ndani ya tranka pamoja na zipu na lesi za wateja. Jina la rangi nyeupe hatukulifuta.

Allah awape kila mwenye pengo badala iliyo bora, duniani au akhera, na atuepushe na husuda. Amiin.